Mama anadai isale, mke wangu anasema hana kosa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Sakina hapa Arusha. Kwetu ni Marangu. Mke wangu ametokea Singida, ni mhasibu wa SACCOS moja mjini. Ndani ya nyumba hatuna ugomvi. Ugomvi uko nje, na sasa umefika mahali sijui nishike upande gani.

Unajua sisi Krismasi lazima tupande nyumbani. Mwaka jana, Desemba 26, kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa kaka yangu. Uwanja ulijaa watu, umeme ukakatika likawashwa jenereta, spika mbili kubwa zimefungwa karibu na tenti, moshi wa nyama unaelekea kwenye viti. Mke wangu alikuwa jikoni tangu alfajiri akimenya ndizi za mtori pamoja na wifi zake. Ndafu ilipoletwa, MC akaanza kuwaita wakamwana waje mbele, yeye hakuonekana. Shangazi yangu alimkuta ndani ya gari langu, vioo vimefungwa, kajifunika kanga kichwani, mikono masikioni. Akamshika mkono kumtoa, akimwambia anauaibisha ukoo. Mke wangu akapiga kelele: "Niacheni! Niacheni jamani!" Muziki ulikuwa umezimwa kupisha sala, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mama yangu alilia mbele ya wageni.

Tangu siku ile mama hampigii simu. Amesema hataki kumwona kwake mpaka alete isale, lile jani la kuombea msamaha kwetu Wachaga. Mke wangu anasema hana kosa la kuombea isale. Kwenye grupu la ukoo dada yangu mdogo aliandika kwamba kuna watu wakisoma kidogo wanaona harufu ya kijijini inawachafua. Dada mkubwa, anayekaa Moshi mjini, anasema kuna kitu kinamsumbua, na ameshaongea na mchungaji wake ili nimpeleke kwenye maombi ya ukombozi.

Nikiwa mkweli, kuna mambo nimeyaona tangu tuoane. Nguo yoyote mpya anakata lebo ya shingoni. Sare za harusi zenye lesi hazivai, anasema zinamwasha hadi kichwani. Taa ya tyubu ya jikoni ameiondoa, eti inavuma. Daladala ikiwa na muziki mkubwa anashuka na kutembea. Tukitoka shughulini anaingia chumbani, anazima taa, haongei mpaka kesho yake. Lakini huyohuyo kazini wanamsifu, hesabu zake hazina hitilafu, na mimi nikiingia nyumbani nina jambo moyoni anajua kabla sijavua viatu.

Sasa binti yetu wa darasa la kwanza naye ameanza. Wakiwa mstarini asubuhi, ngoma ikipigwa anaziba masikio. Sweta ya shule analia kuivaa. Juzi mwalimu alimchapa viganjani kwa kile alichokiita jeuri. Mama aliposikia alisema, "Si mnaona, amemrithisha kiburi."

Mke wangu alisikia kipindi redioni kuhusu watu wenye hisia kali na watu wenye usonji. Akaniambia, "Huyo wanayemsema ni mimi." Nikamjibu asitafute ugonjwa wa kujifichia. Tangu hapo hajalitaja tena.

Shangazi, huu ni ugonjwa au ni tabia? Na je, nimlazimishe apeleke isale ili mambo yaishe kabla ya Desemba?

Baba wa wawili, Arusha

*

Marahaba, mwanangu.

Mkeo asipeleke isale. Nalitanguliza hili kwa sababu najua ndilo unalotaka liishe haraka, na ni hapo mtakapoharibu. Isale kwenu ni jambo zito. Likishaletwa, aliyekosewa hana njia ya kukataa kusamehe, na ndiyo sababu halipelekwi ovyo. Anayelishika anakiri kosa. Mkeo akilishika, amekiri mbele ya ukoo mzima kwamba alimdharau mama yako, jambo ambalo hakulifanya, na mwaka huu akitoka tena uwanjani kwenda kupumua atakuwa mkosaji wa mara ya pili.

Mama yako aliumia kweli, na hilo silipuuzi hata kidogo. Mama ameandaa shughuli, wageni wamejaa, mara kelele za mkamwana wake zinasikika mpaka kwa jirani. Maumivu hayo yanadai jibu, ila wa kuyajibu ni wewe. Wewe ndiye uliyejua habari za lebo, za taa, za chumba cha giza. Mama hakujua hata moja. Miaka yote umempandisha mkeo Marangu ukitumaini atajikaza, mpaka siku mama alipokutana na jambo hilo ghafla mbele za watu. Kama kuna isale la kupelekwa, lichume wewe, upande peke yako siku isiyo ya shughuli, umwambie mama, "Mimi nilikuwa najua, sikukwambia."

Sasa mtazame vizuri yule mwanamke aliyekuwa garini. Kazi hakuikimbia, amemenya ndizi tangu alfajiri. Aliingia garini baada ya saa nyingi za jenereta, spika, moshi, mikono ya watu wanaosalimia na kukumbatia. Kanga ilizuia mwanga na harufu, vioo vilizuia spika, mikono ilizuia kilichobaki. Alikuwa anajituliza kimya, bila kumsumbua mtu, ili aweze kurudi. Kilichotoa ile kelele ni mkono wa shangazi yako. Mwili ukishajaa kiasi hicho kisha ukashikwa ghafla, sauti hutoka kabla mtu hajaamua kusema. Watu wakasikia tusi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Bila shaka wapo waliokwambia "atazoea." Neno hilo nalisikia kwa kila familia inayoniandikia jambo kama hili, na linaumiza kuliko wanavyodhani. Wewe ukikaa karibu na jenereta, baada ya dakika chache hulisikii tena. Ubongo wako umeamua halina maana, umelisukuma pembeni. Kuna watu ambao ubongo wao haulisukumi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapima vijana wenye usonji huku wakiwasikilizisha kelele za magari na kuwagusa kwa kitambaa cha sufu kinachokwaruza. Kwa wale wenye hisia kali miongoni mwao, ubongo uliitikia kwa nguvu zaidi, na haukutulia kelele na mkwaruzo vilipoendelea. Kwa hiyo kumweka mtu wa namna hiyo karibu na spika ili azoee ni kumwongezea mzigo kila dakika inayopita. Na lile sweta la binti yako, mwanangu, lifikirie kwa jicho hilo.

Umeuliza kama ni ugonjwa au tabia. Kuna mambo mawili ambayo huchanganywa, nayatenganisha kidogo.

La kwanza ni watu wenye hisia kali tu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, alianza kuwachunguza miaka ya 1990, akakadiria kwamba wanafika asilimia 15 hadi 20 ya watu. Huona, husikia na kuhisi vitu vidogo ambavyo wengine hupitwa navyo, huvitafakari kwa kina, na kwa sababu hiyo huchoka mapema penye vurugu. Hali hiyo haimo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Ni maumbile, kama mtu anavyozaliwa mrefu. Mkeo kukujua una jambo kabla hujavua viatu na mkeo kushindwa kukaa kwenye tenti vinatoka chungu kimoja. Huwezi kuchukua kile cha kwanza ukakitupa cha pili.

La pili ni usonji. Huu ni namna tofauti ya ubongo kukua tangu utotoni, unagusa mawasiliano, mahusiano, mazoea ya mtu na pia hisia zake za mwili. Hizo hisia za mwili ziliingizwa rasmi kwenye vigezo mwaka 2013, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipotoa upya mwongozo wake. Watu wazima wengi wenye usonji hawajulikani, na wanawake ndio zaidi. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto huko Marekani, alipoandika maelezo yake ya kwanza ya usonji mwaka 1943 alikuwa na watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Mwaka uliofuata Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna, aliandika kuhusu wavulana wanne. Picha iliyojengeka ikawa ya mtoto wa kiume. Msichana aliyejifunza mapema kutabasamu akitazamwa, kuiga wenzake na kwenda kulia chooni akaitwa mtulivu, na alipokua akaitwa mwenye maringo.

Mkeo yuko wapi kati ya hayo mawili? Mimi siwezi kumpima kwa barua, na wewe usimpime mezani. Lakini alikwambia, "Huyo wanayemsema ni mimi." Huenda ametafuta sentensi hiyo maisha yake yote, akakuletea wewe kwanza, ukamwambia anatafuta pa kujificha. Rudi kwake leo hii, muulize alisikia nini kwenye kipindi kile, kisha usimkatishe. Akitaka kwenda hospitali, mpeleke. Akisema ameridhika kujijua tu bila karatasi ya daktari, hiyo nayo ni haki yake.

Nije kwa yale ya kumrithisha mtoto kiburi. Mama yako hakuwa wa kwanza kumtupia mama wa mtoto lawama, hata mabingwa walifanya hivyo. Kanner mwenyewe aliandika juu ya ubaridi wa wazazi, na Bruno Bettelheim wa Chicago akalieneza wazo hilo kwa nguvu, kwamba mtoto anakuwa hivyo kwa sababu mama yake hampendi. Akina mama wengi walibeba hukumu hiyo miaka mingi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alikusanya ushahidi mwaka 1964 kwamba chanzo kiko mwilini. Mwaka 1977 utafiti wa mapacha uliofanyika Uingereza ukaonyesha wazi kwamba kuna urithi. Kwa hiyo mama yako amegusa ukweli nusu. Binti anaweza kuwa amerithi, ila alichorithi ni masikio na ngozi. Na kabla hamjaangalia upande wa Singida peke yake, muulize mama taratibu: hivi hakukuwa na babu au mjomba kwenu aliyekuwa akila peke yake mgombani siku za sherehe, ambaye watu walimwacha tu kwa sababu ndivyo alivyo? Sijaona ukoo usio naye. Mwanamume wa namna hiyo hupewa heshima ya ukimya wake. Mkamwana hapewi, na hilo linanikera.

Jambo jingine ambalo ningependa dada zako walijue. Tunazungumza kana kwamba mtu wa namna hii ndiye asiyeelewa wengine, kwa hiyo ndiye wa kufundishwa. Damian Milton wa Uingereza, msomi ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh walilijaribu: waliwapanga watu kwenye misururu ya wanane, wa kwanza akapewa hadithi ampe wa pili, mpaka ifike mwisho. Msururu wa watu wenye usonji peke yao uliifikisha hadithi vizuri sawa na msururu wa wasio na usonji. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Mkeo mmemdai awaelewe kila Desemba. Nani kwenu aliwahi kudaiwa amwelewe yeye?

Maombi ya ukombozi, hapana. Mimi ni mtu wa sala na sisemi hili kwa kubeza. Ila fikiri kinachofanyika kule: spika, watu wanapaza sauti kwa pamoja, mikono mingi kichwani kwake. Atalia, atatetemeka, na watasema ndiyo roho inatoka. Mtakuwa mmemrudisha pale uwanjani kwa makusudi, safari hii kwa jina la Mungu. Akitaka kuombewa, yupo mchungaji au katekista atakayekaa naye sebuleni kwa sauti ya kawaida.

Kuhusu grupu la ukoo, dada yako aliandika hadharani, na wewe jibu hadharani, mara moja tu. Usimpe mkeo simu ajitetee. Andika hivi au karibu na hivi: "Dada, wifi yenu hana dharau na mtu. Kelele na msongamano vinamuumiza mwilini, tangu utoto wake. Nilipaswa kuwaeleza mapema. Mwenye swali anipigie mimi." Kisha usibishane. Umuulize mkeo kwanza kama anaridhia maneno hayo, maana mwili unaozungumziwa ni wake.

Halafu Desemba. Msikae nyumbani Arusha mkidhani ndiyo suluhisho, watoto wanahitaji kwao na mkeo hajasema hataki. Ila pangeni. Novemba, wikiendi isiyo na shughuli, ukishaongea na mama, mpeleke mkeo Marangu mkiwa wachache. Waache yeye na mama wapike mtori wawili. Nina hakika wanawake hawa hawajawahi kukaa pamoja penye utulivu. Mama anamjua mkamwana wa kwenye tenti tu, yule wa nyumbani kwako hajamwona. Siku ya shughuli yenyewe, mwombe mama chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, upande wa mbali na spika, na ukoo mzima ujue kwamba aliyemo humo hafuatwi. Fundi muziki akifika, zungumza naye wewe, spika zielekezwe bondeni. Duka la dawa huuza viziba masikio vya sponji, na maduka ya vifaa vya ujenzi huuza vile vikubwa vinavyovaliwa na mafundi wa mashine. Vinasaidia. Sare ya lesi, mwambie anayekusanya michango kwamba mkeo atalipa na atashona kitambaa cha pamba cha rangi hiyohiyo. Kama mko na gari, kubalianeni ishara, akikugusa begani mnaondoka, na humuulizi "dakika tano tu?" Na salamu zake kwa wazee azitoe asubuhi, kabla watu hawajajaa. Wazee wanachokumbuka ni kama walisalimiwa. Saa ngapi, hawahesabu.

Usimgeuze mtu wa kufichwa, hata hivyo. Akitaka kucheza, acheze. Wengi wa namna yake hupenda shughuli sana, ila kwa kipimo wanachokijua wao. Mhasibu kama yule mnaweza kumwachia daftari la michango akae nalo mezani pembeni, kama mwenyewe atapenda. Kuna anayefurahi kuwa na kazi katikati ya watu kuliko kukaa tu akitazamwa.

Kwa binti, nenda shule wiki hii. Usiende kugomba. Ila ujue kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasemaje: anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu, viboko visivyozidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mimi ningependa fimbo iondoke shuleni kabisa, lakini hata kwa kanuni zilizopo, mtoto wa darasa la kwanza kuziba masikio ngoma ikilia hakujafika hapo. Omba mambo madogo yanayowezekana: asimame mwisho wa mstari, mbali na ngoma, na avae fulana laini ya pamba ndani ya sweta, au sweta likae mabegani tu. Mwalimu wake akiona mtoto anaacha kulia, huenda akawa rafiki yenu.

Pia apimwe, kwa sababu yeye bado anakua na msaada wa mapema una faida kubwa. Kwanza masikio yenyewe, kuhakikisha hayana tatizo jingine. Anzeni hospitali ya mkoa, Mount Meru, muombe rufaa. Moshi mna hospitali ya KCMC, na mna Kituo cha Gabriella kinachohudumia watoto wenye usonji na wenye changamoto za ukuaji. Waulize kuhusu wataalamu wa utengamao, wanaomsaidia mtoto kukaa na sauti, nguo na mguso bila kumvunja. Mkeo aende naye, atawaeleza mambo ambayo wewe huwezi kuyaeleza. Na mwalimu mkuu akikataa kukusikiliza, usimhamishe mtoto kwa hasira, mwone afisa elimu kata kwanza, ukiwa na tarehe ya kile kiboko na jina la darasa.